Shavu la Dirishani

Miaka thelathini na mmoja nilikaa kaunta ya tatu,
ofisi ya vifurushi, Barabara ya Haile Selassie,
dirisha kushotoni,
na jua la alasiri likiingia
kama mgeni asiyebisha hodi.
Nilidhani kioo kinanikinga.
Kilizuia vumbi, kilizuia honi,
kilizuia hata ule mwali unaochoma.
Ule mwingine, mpole, usio na joto,
ulipita, ukakaa, ukaanza kula.

Daktari Jerono alinionyesha kwa taa ya zambarau,
ghorofa ya nne, Upper Hill:
kulia, mwanamke wa miaka hamsini;
kushoto, mama yake.
"Kolajeni ni kama kamba za kitanda," alisema.
"Zikikatika, godoro linazama."
Nikakumbuka kitanda cha mama kule Nyamira,
tulivyokikaza kila Desemba, goti ukingoni,
na bado kilibonyea pale pale alipolala.

Akaniandikisha. Nambari kumi na saba.
Tyubu mbili, zote nyeupe, zote hazinuki:
A kulia, B kushoto, kila usiku, wiki ishirini na nne.
Moja ina dawa. Moja ni mafuta matupu.
Ipi? Mimi sijui. Daktari hajui.
Inayojua ni bahasha,
na bahasha imo kabatini,
na ufunguo anao mtu
ambaye hajawahi kuniona.

Benchini nilisoma mengi.
Kwamba dawa hii ilianza kwa chunusi:
walitibu vipele, mistari ikafifia bila kuulizwa.
Kwamba sumu ya soseji zilizooza,
iliyoua watu wakiwa mezani,
ilipimwa tone kwa tone ikanyoosha makengeza,
hadi mgonjwa mmoja akagusa kati ya nyusi:
nidunge na hapa,
ukinidunga hapa naonekana sina hasira.
Kwamba ute wa kujaza mashavu
ulikamuliwa kwanza kwenye kilemba cha jogoo.
Hapo nilicheka peke yangu.
Jogoo wa shamba hawiki mjini, wanasema;
kumbe kilemba chake kimekwisha kuvimbisha midomo Kilimani.

Ukutani palikuwa na jedwali, rangi sita za ngozi.
Yangu ya mwisho. Ya Daktari pia.
"Vitabu nilivyosomea," alisema,
"viliishia ya tatu, ya nne vikichoka."
Hakuongeza neno. Akabadilisha glavu.

Dada yangu Kwamboka hakungoja bahasha.
Alinunua kopo River Road, halina jina wala tarehe.
Wiki tatu aling'aa kama sufuria mpya.
Ya nne, uso ukaota ramani.
Kopo lilipopimwa lilikuwa na zebaki.
Siku hizi huja kwangu usiku, baada ya giza,
hataki taa ya sebuleni.

Kila mwezi, picha: kidevu juu ya chuma,
paji kwenye mkanda, pumzi ndani.
"Usicheke, mama. Uso mtupu."
Wiki ya kumi na mbili nilicheka.
Nilikuwa nimemkumbuka jogoo.

Bahasha ilifunguliwa Ijumaa ya mvua.
Dawa ilikuwa A.
Shavu zuri limezidi uzuri;
la dirishani lilipakwa mafuta matupu miezi sita.
"Pole," alisema Daktari. "Kura haichagui."
Nikamwambia, shavu hili
lililipa karo ya watoto watatu.
Lile lingine lilikuwa likitazama ukuta.

Matokeo ni mazuri, nasikia. Yatachapishwa.
Ile picha ya kicheko imo miongoni mwa zilizotupwa.
Niliiomba. Iko juu ya jokofu.
A na B zimekunjamana pamoja humo,
hata Kwamboka hajui ipi ilipata dawa.

Jumatatu nilipita kaunta ya tatu.
Yupo binti, Bosibori, anagonga mihuri,
nusu ya uso wake ikiwaka.
Nikamwekea pazia mezani, kitambaa kizito, mita mbili.
Akalitazama, akanitazama.
"Mama," akauliza, "kwani kuna joto?"